Sweta la Hidaya

Sikitu alikuwa ametoka kutimiza wajibu wake mtukufu kwa bweni zima: alishona ncha za mikono ya sweta la Hidaya, lile analolivaa hata jua likichoma mabati. Kisha akapanda kitandani kungoja kicheko.

Hidaya alirudi kutoka bafuni, kanga mabegani, akaingiza mikono kwenye sweta. Ikakwama. Akaivuta, akaisukuma tena, akaanza kulia.

"Shoga, ni mzaha tu!" Sikitu akaruka chini. "Lete nifumue."

Alipolipokea sweta, akaziona alama kwenye mkono wa kushoto wa mwenzake. Nyingine zilikuwa mbichi.  Bingwa wa maneno akakaa, akaanza kung'ata uzi kwa meno.

"Hidaya, unajiumiza mwenyewe?"

Hidaya akaitikia kwa kichwa.

"Unataka kufa?"

"Siku nyingine nataka. Leo sijui. Usimwambie matroni, atapiga kelele."

"Matroni hupigia kelele vitanda visivyotandikwa. Nilipofiwa na mama alinyamaza, akakaa nami mpaka nikalala. Twende wote. Ukikataa nitakwenda peke yangu, hata ukininunia mpaka tumalize shule."

"Utanicheka?"

"Akiba ya kicheko imekwisha."

Kengele ikalia. Mkono wa kulia wa sweta ulikuwa umefumuka, wa kushoto bado. Hidaya akalivaa hivyo hivyo, nusu. Wakakata uwanja kuelekea kwa matroni, Sikitu akitembea upande wa mkono wa kushoto ulio wazi, uzi ukining'inia katikati yao.