Wimbo wa Kunawa Mikono

Zamani msitu ulikuwa na mtangazaji mmoja tu, Kasuku. Kipindupindu kilipoingia, akatunga wimbo wa kunawa mikono. Tumbili, mama mpenda sifa, akaukariri kabla ya majirani wote, akawa anauimba na mwanawe kila wanapoketi kula.

Siku moja mtoto akaharisha mpaka macho yakadidimia. Tumbili akambeba mbio kwa Kasuku.

"Mwongo wewe! Mwanangu anakufa, na wimbo tunauimba kila mlo!"

"Pole, mama. Na mikono mnanawa?"

"Tunawe saa ngapi, baba, na wimbo wenyewe mrefu vile? Chakula si kitapoa?"

Kasuku akashtuka. "Kimbia nyumbani ukamnyweshe maji ya chumvi na sukari, sasa hivi!"

Tumbili akaketi, akampakata mtoto, akatega sikio.

"Haya, baba. Na huo wimbo wa chumvi na sukari, kiitikio chake kinaanzaje?"