Mti Uliofunikwa Turubai

Watu wa maabara waliufunika mti wa Mama Nyamizi kwa turubai jeusi. Majani yakikosa mwanga na kushinda njaa, walisema, chembe za urithi zilizomo kwenye kijani chake husomeka vizuri. Ndio mti pekee wa aina yake uliobaki mjini, na mwaka huu ndio kwanza ulikuwa umeanza kuweka mbegu. Walimkataza kuugusa, naye akatii.

Siku ya kurudi, wiki kadhaa baadaye, walichuma majani manne tu.

"Sasa nifunue, mwanangu?"

"Usifunue, mama. Tukikosea tutarudia," Dakta Heriel, kiongozi wao, alijibu huku akicheka. "Kila mti una herufi zake za urithi humo kwenye kijani. Tukishazisoma, hata ukifa tunao kwenye kompyuta."

"Na hiyo kompyuta itazaa mbegu?"

Gari likaondoka. Mama Nyamizi alishika pindo la turubai. Ndani, bila upepo wowote, alisikia majani yakidondoka.