Mazoezi ya Baba Mkali

Fundi viatu alipewa nafasi ya baba mkali katika filamu, na jioni hiyo bintiye, aliyekuwa bado mwanafunzi, akamsaidia kufanya mazoezi sebuleni.

"Baba, nina mimba," binti akasoma kwenye karatasi.

"Toka! Usikanyage tena hapa!" Fundi alinguruma mpaka mkewe akacheka huko jikoni. "Umeona, mwanangu? Hapo watu watalia kama watoto. Haya, tena!"

"Baba, nina mimba."

"Toka!" Akanyoosha mkono kuonyesha mlango. Lakini karatasi ilikuwa imeanguka sakafuni, na binti alikuwa akisokota shati lake la shule pale tumboni.

"Sisomi, baba. Ni kweli."

Mkono wa fundi ukabaki hewani, vidole vimekolea rangi ya viatu. Alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe neno, maana yote aliyokariri yalikuwa ya kufukuza.

Akaushusha mkono taratibu, ukatua begani mwa binti.

"Mama watoto, njoo!" aliita, analia huku anacheka. "Tutaitwa babu na bibi!"

"Hayo nayo yamo kwenye filamu?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Hayamo," akajibu, akimvuta binti kifuani. "Ya filamu nimeyasahau yote."