Kigari cha Salha

Mama yake Salha, Mwanaharusi, alifungua pindo la kanga yake akatoa uzi. Aliukata kabla ya mfungo, sawasawa na mguu wa binti yake kuanzia gotini hadi kisiginoni, na sasa Idi Kubwa ilikuwa inakaribia. Muuza vigari vya watoto akaunyoosha kwenye kiti cha kigari chekundu.

"Hiki kinamfaa," alisema.

Mwanaharusi akamshusha Salha mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka minne na hakuwahi kusimama. Alipoketishwa, nyayo zake zote mbili zikatua sakafuni.

"Kumbe amekua," mama alisema kwa aibu. "Nambeba kila siku, wala sikuona. Nitafutie kirefu zaidi, kaka, miguu isiburuzike."

Muuzaji akaingia stoo. Mwanaharusi alikuwa anaukunja uzi wake aliposikia magurudumu. Kigari kilisogea kidogo, kikasimama, kikasogea tena. Akageuka kuona nani anakisukuma. Hapakuwa na mtu.

Kisha akaviona vidole vya miguu vya Salha vikijikunja, vikikamata saruji, vikivuta.

Uzi ukamponyoka.

"Nimekipata," muuzaji alisema, akitoka na kigari cheusi, kirefu. "Hiki miguu haitagusa chini kabisa. Mlete tumpandishe."

Mwanaharusi alinyoosha mkono kumzuia, macho yake hayakubanduka sakafuni. Kigari chekundu kilikuwa kimeshafika kizingitini.