Mzee Ngiri Hashindwi na Jua

Zamani wanyama walipokuwa wakilima, Mzee Ngiri alijivunia jambo moja: haondoki shambani kabla ya jirani yake, Mzee Nungunungu. Kwake, kutangulia kurudi nyumbani ni kutangaza uzee.

Siku moja jua likawaka hata mijusi wakakimbilia kivulini. Mkewe akamfuata na kata ya maji.

"Mume wangu, twende. Shamba halina miguu, hutalikosa kesho."

"Huioni kofia ya Nungunungu kule ng'ambo? Mzee yule bado yupo, niondoke mimi kijana?"

"Kijana! Haya, kijana wa magego mawili, lima."

Akalima. Macho yakaingia giza, akaanguka puu! Mkewe akapiga yowe.

Aliyekuja mbio kumbeba ni Nungunungu mwenyewe, ametoka kwake, ameoga, ameshiba, ana alama za mkeka shavuni.

Kivulini Ngiri akafumbua jicho moja. "Kwani wewe umeondoka saa ngapi?"

"Mapema, ndugu yangu. Ile ni sanamu ya kufukuza ndege, nimeivika kofia yangu."

Ngiri akatabasamu kwa shida. "Basi nimekushinda."

"Yeye umemshinda, shujaa wangu," mkewe akasema, akimmiminia maji kichwani. "Ila sanamu bado imesimama."