Njaa ya Nani

Chakula cha mchana kilikuwa kimeshaondolewa mkekani na Mwanakheri alikuwa ameshiba, lakini alijifungia stoo na sufuria ya wali, akawa anakwangua ukoko. Alikula amesimama, harakaharaka, kama anayejiibia mwenyewe. Mara bangili ikapata joto mkononi mwake.

Zama hizo waliovaa bangili za kikundi kimoja walisikiana matumboni: njaa na shibe ya mmoja iliwafikia wote. Yeye alivaa yake juzi tu, akajiunga na wenzake sita waliowahi kushindwa, kama yeye, kuacha kula.

"Unakula umesimama, mwenzangu?" Sauti ya Bi Mize, wa kwanza kuingia kikundini, ilitoka kwenye bangili bila ukali.

"Umejuaje?"

"Nilikula hivyo miaka kumi. Kaa kitako kwanza, utusikilize."

Akakaa juu ya gunia la mchele. Shibe yao ikamjia taratibu: matumbo sita yaliyotulia katika nyumba sita. Hakuwahi kujua kwamba shibe ina kimya namna ile. Machozi yakamtoka, akaiweka sufuria chini.

Asubuhi aliamka na kitu kigeni chini ya mbavu, kitupu, cha upole, kisichomkimbiza. Akaingiwa na hofu, akaisogeza bangili mdomoni.

"Jamani, kuna mmoja wenu ana njaa. Ni ya nani hii?"

Wote sita wakajisikiliza.

"Si yetu," alisema Bi Mize. "Ni yako, mwenzangu. Kaa, ule."

Mwanakheri alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na ndiyo kwanza wanakutana, yeye na njaa yake.