Taa ya Upande wa Kulia

Saa tisa na robo alasiri, fundi alimwekea baba yake mapajani kofia ya mchimba madini. Kwa siku kumi na moja alikuwa amekata, amekunja na kupiga tupa kishikio cha shaba cha kubebea taa, akifuata picha pekee iliyosalia ya filamu aliyoigiza mzee ujanani. Daktari alikwisha sema mzee hafiki Ijumaa.

Mzee hakuwa akiona tena. Aliipapasa kofia polepole, kisha vidole vikasita.

"Mwanangu, taa ilikaa kulia."

"Picha inaonyesha kushoto, baba."

"Picha haikuvaa kofia. Nilivaa mimi."

"Hata kufa hataki bila kubisha," mama alisema, akimwekea mto vizuri.

Fundi aliichukua picha. Mkono wa kulia wa kijana aliyeshika sururu ulikuwa na vidole vinne. Mzee alikatika kidole utotoni, lakini cha mkono wa kushoto. Picha ilikuwa imechapwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Siku zote hizo fundi alikuwa akipima taa tu, hakumtazama aliyeivaa.

"Nipe nusu saa, baba."

Katika karakana nyuma ya nyumba alikibana kishikio kwenye jiriwa, akakikunja upande wa pili bila kukipasha moto, kosa ambalo asingemsamehe mwanafunzi wake. Shaba ikapasuka konani. Akakata kipande kipya, akaanza kukipiga tupa.

Saa tisa na dakika hamsini mama alisimama mlangoni.

"Weka tupa chini, mwanangu."